Uzoefu wangu na shimesikio za nyuma ya sikio

Shimesikio hizi, yaani vifaa vya kusaidia kusikia, nimezivaa kila siku kwa zaidi ya mwaka, masikio yote mawili. Ni zile zinazokaa nyuma ya sikio, zenye mrija laini unaopeleka sauti kwenye kizibo kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lenyewe. Nazisifu bila kusita, ila zinataka matunzo ambayo mara nyingi hayaelezwi siku ya kukabidhiwa.

Usikivu wa uzeeni huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, takriban hezi 2,000 (mitetemo 2,000 kwa sekunde) kwenda juu, na huko ndiko ziliko "s", "f", "th" na "sh". Irabu ni nzito, zinabaki. Ndiyo maana mzee anasikia kwamba anasemeshwa lakini neno halipati: "safi" inamfikia kama "a-i". Ukimpigia kelele unamwongezea irabu tu. Kifaa kilichorekebishwa kwa kufuata kipimo cha usikivu wake hukuza zaidi zile nyembamba, na "safi" inarudi kuwa "safi". Vikuza sauti vinavyokuza kila kitu sawasawa sivipendekezi kabisa: sufuria ikianguka masikio yatauma, na neno bado hulipati.

Betri ni namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Ni betri za zinki zinazofanya kazi kwa hewa. Ukishabandua, hewa inaingia kwenye vitundu na betri inaanza kuisha, uitumie usiitumie. Kukirudisha kibandiko hakuiokoi. Iache mezani dakika 3 hadi 5 ndipo uitie, la sivyo inaweza kuonekana mbovu kumbe haijapata hewa ya kutosha. Kwangu moja inafika siku 10 hivi. Usiku fungua kijimlango cha betri. Vidole vikiwa na baridi yabisi, namba 312 itakusumbua kwa udogo. Chukua 13 au aina ya kuchaji. Na tafadhali, betri zisikae karibu na vidonge vya dawa. Kwa macho mafifu zinafanana, na aliyemeza apelekwe hospitali papo hapo.

Sasa lile linalofanya vifaa vingi viishie kabatini: "kimekufa". Mara nyingi hakijafa. Kiwashe, kiweke kiganjani, kisha kunja kiganja. Kikipiga mluzi ni kizima. Kisipopiga, badilisha betri. Bado kimya? Chomoa mrija pamoja na kizibo, ujaribu tena. Kikipiga mluzi sasa, kilichoziba ni mrija au tundu la kizibo. Uinue mrija kwenye mwanga: utaona tone dogo la unyevu limekaa pale unapopinda, au nta ya sikio imeganda mdomoni. Tone hutoka kwa kipulizo cha mpira. Nta hutolewa kwa kijiwaya kinachokuja na kifaa. Sindano usiiguse.

Kizibo nakiosha kila wiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kikiwa kimetenganishwa na kifaa, kisha kinakauka usiku kucha. Spiriti hapana. Mrija ukishakuwa mgumu na wa manjano, kwa kawaida baada ya miezi 3 hadi 6, ubadilishwe, kwani mrija mgumu unavuta kizibo nje; sauti inavuja, inarudi kwenye maikrofoni, na huo ndio mluzi unaowaudhi waliokaa nawe.

Siku za mwanzo sauti yako mwenyewe inasikika kama unaongea ndani ya pipa. Anza saa 1 au 2 kwa siku, chumba kikiwa kimya, uongeze polepole. Hali hiyo ikidumu zaidi ya wiki kadhaa, fundi apanue tundu la hewa kwenye kizibo. Penye watu wengi wanaoongea kwa pamoja bado napata shida, na hapo dawa ni kumkaribia msemaji, mita 1 hivi, nikimtazama midomo. Simu nayo ishikwe juu ya sikio, ilipo maikrofoni, si kwenye tundu la sikio.