MusicBrainz Picard: usianze na Scan

Nyimbo zilizokusanywa miaka na miaka kutoka flashi za watu zina sura moja: "Track 01", "AUD-0043", na msanii yuleyule kaandikwa kwa namna nne. Kwa kusafisha vurugu hiyo, Picard ndiyo programu huria tunayoiweka mbele ya zote. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kupiga muziki waachie VLC au Strawberry.

Wengi huharibu maktaba kwa kukimbilia Scan. Kitufe hicho huchukua kila wimbo peke yake, hutengeneza alama ya sauti kutokana na dakika 2 za mwanzo, kisha huitafuta kwenye hazina ya AcoustID. Wimbo hupatikana kweli, ila umetoka kwenye albamu yake na tena kwenye mikusanyiko kadhaa, hivyo nyimbo 10 za albamu moja hujikuta zimetawanyika katika albamu 5. Anza na Cluster, ambayo hufunga pamoja faili za albamu moja, ndipo ubonyeze Lookup kwa kila fungu, itafute albamu hiyo kwenye MusicBrainz, hazina ya mtandaoni ya taarifa za muziki. Scan ni ya faili zisizo na taarifa yoyote. Na kabla ya hayo yote, ingia Options, Metadata, Preferred Releases, ushushe kitelezi cha Compilation, yaani mikusanyiko.

Upande wa kulia, kijani maana yake wimbo umelingana. Nyekundu, tilia shaka. Alama ya diski kando ya albamu ikigeuka dhahabu, albamu imetimia, lakini usihifadhi bado. Tazama jedwali la chini: kama urefu wa zamani ni 4:12 na mpya ni 6:58, hilo ni toleo jingine. Save huandika ndani ya faili palepale, na hakuna kurudi nyuma. Nakala ya folda nzima iwepo kwanza, tafadhali.

Majina ya faili hayabadiliki mpaka uwashe Rename files. Kanuni fupi ya kupanga majina inatosha:

%albumartist%/%album%/$num(%tracknumber%,2) %title%

Kama nyimbo zinakwenda kwenye memori kadi, washa pia Windows compatibility; jina lenye alama ya kuuliza hukataliwa na kadi nyingi. Picha ya jalada chagua ya pikseli 500, kwani hupachikwa ndani ya kila wimbo.

Pakia albamu 20 hivi kwa mara moja. Seva ya MusicBrainz hupokea ombi 1 kwa sekunde, na ukimwaga maelfu utadhani programu imeganda.

Inapokwama ni kwenye taarab na dansi zilizonakiliwa kutoka kaseti. Upande mzima wa kaseti katika faili moja hautambuliki. Ukate kwanza kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti. Kaseti iliyozunguka kasi au taratibu kuliko kawaida nayo hubadilisha alama ya sauti, na Scan hurudi mikono mitupu. Hapo jaza msanii, albamu na namba kwa mkono, kisha Save.