Luva za msaji Sahare, Tanga: masika mawili yameshapita

Mvua kubwa ya kwanza ya masika mwaka jana ilinikutanisha na kitanda cha mama kimelowa upande wa miguuni, ilhali dirisha limefungwa na komeo limeteremshwa. Fundi alikuwa amepachika kinyume jozi ile ya luva, yaani mbawa mbili za dirisha zenye vibao vya mbao vilivyolazwa mshazari: vibao vimeinamia chumbani badala ya kuinamia nje, basi kila tone lililokipiga kibao likateleza ndani kama limekaribishwa. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hili ni dirisha au mlizamu?"

Jozi nyingine tano zilikuwa sawa (ya saba nitaifikia). Fundi mwenyewe, wa Ngamiani, nampa saba katika kumi na jina lake nalisitiri, maana nilipompigia alikuja kesho yake akaigeuza bila kudai hata nauli. Zile tatu nilizomkata ni za muda. Wiki tatu alizoahidi zilizaa saba. Umeme, msiba, msiba mwingine. Kwenye msiba wa tatu nikaanza kumhesabia jamaa zake.

Nyumba ni ya marehemu baba, kuta za mawe na chokaa, na bahari unaisikia ukiwa umelala. Majirani karibu wote wamehamia alumini ya vioo vya kusukuma. Inapendeza, sikatai. Lakini dirisha la kusukuma likifunguliwa linafunguka nusu, nusu ya pili kioo kimekaa juu ya kioo. Na mvua ikija unafunga lote. Umeme ukikatika saa hiyo hiyo, feni ikasimama, mnapikwa humo ndani kama muhogo. Luva unaifunga mvua inyeshe, na hewa inapita. Kwangu hiyo ilitosha.

Mbao haikunisumbua sana. Mninga ulinishinda bei. Paini ya dawa ni nafuu, ila fundi alisema kwenye vibao vyembamba itapinda mapema. Nikachukua msaji, ule unaotoka shamba la Longuza kule Muheza, shilingi 240,000 kwa jozi bila bawaba. Mchwa hawajaugusa. Una mafuta yake kwa ndani, kwa hiyo ukitaka rangi ishike uupanguse kwanza kwa tina, ile ya kuzimulia rangi. Mimi rangi nimeiacha, naupaka mafuta ya kitani kabla ya masika.

Kilichonila pesa na akili ni vyuma. Bawaba za kwanza fundi alizinunua yeye, zinang'aa kama dhahabu. Hazikumaliza miezi minne: kutu ikachuruzika ukutani mistari ya kahawia kama machozi ya wanja. Kumbe ni chuma kilichopakwa. Chumvi ya bahari haina haya. Safari ya pili nilikwenda dukani mwenyewe na kisumaku nilichokichomoa kwenye spika mbovu ya mwanangu. Ukiweka kwenye bawaba ikanata, rudisha, shaba hainati. Muuzaji alinitazama vibaya, lakini bawaba 42 nilizochagua, tatu kila upande, mpaka leo hazina doa. Na skrubu nazo ziwe za shaba, la sivyo umefanya kazi bure, kutu itaanzia hapo.

Kulabu za kuishikilia luva ikiwa wazi usizisahau. Mimi nilizisahau. Upepo wa kusi ulipoanza, usiku kucha nyumba ilikuwa inapiga makofi.

Kupima nako kuna kazi yake. Fundi alipima upana juu, katikati na chini, akakuta dirisha moja linapishana kwa zaidi ya inchi. "Shikamoo mama, lakini kuta zako zimelewa," akasema. Akafuata kipimo kidogo kuliko vyote, na katikati ya pande mbili akaacha upenyo wa kupitisha sarafu. Niliona ni uvivu. Masika yalipofika mbao zikavimba na upenyo wote ukaisha. Asingeuacha, ningekuwa nafungua madirisha kwa bega.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni mkono. Luva zinafunguka kwa nje, nondo ziko ndani, na ndani zaidi kuna wavu wa mbu. Magharibi ikiingia unataka kufunga: mkono utapita wapi? Mwanzoni wavu ulikuwa umepigwa misumari, ikabidi nitoke nje nizunguke nyumba nzima na kanga kichwani, mbu wananisindikiza. Sasa kila wavu una fremu yake nyepesi yenye bawaba mbili ndogo, unaufungua kama kabati, unapitisha mkono kati ya nondo, unavuta. Kama nondo zako zimebanana kiasi kwamba mkono haupiti, fikiria hilo kabla hujalipa fundi malipo ya kwanza.

Na hiyo jozi ya saba ni ya jikoni. Dirisha la jikoni nondo zake baba alizifunga kwa nje, na mimi nilipokuwa nahesabu madirisha sikuliangalia hilo. Luva haiwezi kufunguka. Mchomeleaji ananitajia bei ya kuzikata na kuzirudisha ndani kama anajenga daraja, tunaendelea kuvutana. Kwa sasa luva zimeegemea ukuta wa uani, na kuku wa mama amepata pa kutagia nyuma yake.