Kikoa cha duka lako: .shop, .tokyo na wenzake, kipi uanze nacho

Januari 2016, GMO Registry, kampuni tanzu ya GMO Internet ya Tokyo, ilishinda mnada wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, na kupewa haki ya kuendesha kikoa cha .shop, yaani ule mwisho wa anwani ya tovuti. Bei: dola milioni 41.5. Google na Amazon nao walikuwa wamekiomba. Pesa ile lazima irudi, na wa kuirudisha ni wenye maduka, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mimi sipangi vikoa kwa bei ya kuingilia. Napanga kwa bei ya kuhuisha, yaani ya kulipia tena kila mwaka, na kwa kuangalia nani ana ruhusa ya kuipandisha. Orodha hii ni ya muuzaji mdogo wa Afrika Mashariki.

1. .co.tz au .co.ke

Kama wanunuzi wako wako Mwanza au Nakuru, anza hapa na usihangaike. Kikoa cha Tanzania kinasimamiwa Tanzania, cha Kenya kiko chini ya KeNIC, na unanunua kwa wasajili, yaani kampuni zinazouza majina haya, wa hapa hapa, wengi wao wakipokea malipo ya simu. Jina likikwama unampigia mtu mnaelewana. Kasoro yake ni moja: mteja wa nje anaweza kudhani huuzi kwake.

2. .com

Jina zuri la .com likiwa bado liko wazi, lichukue leo. Bei yake ya jumla, ile anayotozwa msajili, ilipandishwa hadi dola 10.26 Septemba 2024, na mkataba unamzuia mwendeshaji wake, Verisign, kuipandisha anavyotaka. Tatizo ni kwamba majina mafupi yamekwisha, na walioyashikilia wanayauza kwa bei ya kiwanja.

3. .shop

Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa, ingawa kikoa chenyewe si kibaya. Kilifunguliwa kwa umma Septemba 2016, kinajieleza chenyewe, na jina ulilolikosa kwenye .com mara nyingi utalipata huku.

Sasa fungua ukurasa wa malipo uuangalie vizuri. Bei ya mwaka wa kwanza imeandikwa kwa herufi nene, pengine chini ya bei ya sahani ya chipsi mayai. Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, ipo bei ya kuhuisha, ambayo inaweza kuwa mara kumi na zaidi. Hiyo ya kijivu ndiyo bei ya kikoa. Ile nene ni chambo.

Tofauti na .com, vikoa vipya kama .shop havina kikomo cha bei katika mikataba yao. Mwendeshaji anachodaiwa ni kutoa notisi ya siku 180 kabla ya kupandisha bei ya kuhuisha, na notisi yenyewe inakwenda kwa msajili wako. Msajili mwema atakuambia. Ukishasikia, lipia miaka ya mbele kwa bei ya zamani, maana unaruhusiwa kushikilia jina hadi miaka kumi. Kwa duka lililokwisha simama hiyo ni akiba ya kweli. Kwa duka la majaribio ni kutupa hela.

Majina ya neno moja la kawaida huwekewa bei ya pekee. Kabla ya kubonyeza, soma kama bei hiyo ni ya mara moja au itakurudia kila mwaka. Jambo jingine, matapeli nao wanapenda vikoa vya mwaka wa kwanza wa bure bure, kwa hiyo barua pepe kutoka jina jipya la .shop inaweza kuangukia kwenye taka. Ankara muhimu zitume pia kwa WhatsApp.

Na jamani, jina lisajiliwe kwa barua pepe yako wewe, si ya fundi aliyekutengenezea tovuti. Fundi akibadilisha namba ya simu, duka linakwenda naye.

4. .tokyo, .nagoya, .yokohama

Hivi vyote vinaendeshwa na GMO. Vinamfaa mwenye biashara Japani kwelikweli, kwa mfano Mtanzania aliyeko kule anayesafirisha magari yaliyotumika kuja Dar au Mombasa. Wewe wa Kariakoo, vipite.

Lakini kama wewe ndiye mnunuzi wa gari, simama kidogo hapa. Anwani ya .tokyo haithibitishi kwamba muuzaji yuko Tokyo. Ilifunguliwa kwa umma Julai 2014 na mtu anaweza kuisajili akiwa popote duniani. Anwani ya .co.jp ni habari nyingine: hupewa kampuni iliyosajiliwa Japani, na kampuni moja hupata jina moja. Nayo haimfanyi muuzaji kuwa mwaminifu, ila kuipata kuna mlango wa kupita. Kabla hujatuma dola elfu tano kwa ajili ya Vitz, angalia mwisho wa anwani, kisha uombe namba ya usajili wa kampuni.

5. .so

Hiki ni cha jirani zetu Somalia. Kilipofufuliwa mwaka 2010, GMO Registry ndiyo iliyokuwa mshirika wa kiufundi, na mwaka uliofuata kikafunguliwa kwa watu wote. Kampuni za teknolojia za Marekani zikakipenda kwa ufupi wake. Februari 2021 programu ya Notion, iliyokuwa ikitumia notion.so, ilizimika kwa saa kadhaa baada ya malalamiko ya ulaghai kwenye kurasa za watumiaji wake kusababisha kikoa chenyewe kusimamishwa. Kampuni kubwa ilipata watu wa kuwapigia simu jina likarudi siku hiyo hiyo. Duka lako la vitenge likipatwa na hayo Ijumaa jioni, utasubiri foleni. Kama umekipenda, kitumie kwa kiungo kifupi cha matangazo, malipo na oda uziweke kwenye jina jingine.