Rangi ya gari imepauka: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Boneti na paa ndivyo hufa kwanza, maana vinapigwa na jua la utosi kutwa. Kabla hujatoa hata shilingi, mwagia boneti maji. Rangi ikirudi kukolea, kisha ikapauka tena inapokauka, kilichochoka ni ngozi ya juu tu na dawa ipo. Ukikuta mabaka meupe yenye kingo zinazonasa ukucha, kama ngozi inayobambuka, hapo klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi linalokinga rangi yenyewe, imekwisha. Hakuna polishi itakayoirudisha. Pesa hiyo mwekee fundi wa kupuliza rangi.

Jaribu pia kusugua pembeni, pasipoonekana, kwa kitambaa cheupe chenye tone la kampaundi, dawa ya kusugulia rangi iliyochoka. Kitambaa kikishika rangi ya gari, rangi hiyo ni ya tabaka moja, haina klia juu yake. Kikibaki cheupe, unasugua klia, ambayo kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Kila unaposugua unaipunguza.

1. Kampaundi ya wastani, ya maji, isiyo na silikoni. Anza na hii hata kama pesa inatosha kitu kimoja tu. Nta haiondoi rangi iliyokufa, inaifunika, na baada ya kuosha mara chache weupe unarudi. Silikoni nayo hukimbiza rangi mpya: siku ukipuliza, utaona vishimo vidogo kila mahali.

Osha gari, kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi juu ya maji ya shampuu mpaka uso uwe laini ukiupapasa. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo na mikunjo ya bodi, maana hapo rangi ni nyembamba na mashine huichoma haraka. Fanya kazi kivulini, bati likiwa baridi kwa mgongo wa mkono. Likiwa na moto kampaundi hukauka kabla haijakata na huacha alama. Weka matone manne ya ukubwa wa punje ya choroko kwenye sponji, eneo la futi 2 kwa 2, usizidishe. Piga kushoto kulia, kisha juu chini, mara nne hadi sita, ufute. Safisha sponji kila umalizapo kipande: sponji iliyojaa rangi iliyokufa inakwaruza badala ya kung'arisha. Mkono unatosha kwa mlango mmoja. Kwa gari zima tafuta mashine yenye mwendo wa kutikisika. Ile inayozunguka tu, kwa asiyeizoea, huacha duara duara zinazoonekana juani. Malizia kwa polishi laini.

2. Silanti. Ni kinga ya kutengenezwa kiwandani na hudumu miezi kadhaa. Kwa anayeegesha nje, hasa pwani kwenye jua na chumvi, tunaiweka mbele ya nta bila kusita.

3. Nta ya karnauba. Hutoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, uitwao karnauba. Gari jeusi au jekundu linapendeza nayo mno, lakini kwa jua letu ni suala la wiki, si miezi.

4. Kopo la mbili kwa moja, polishi na nta. Linafaa gari lililopauka kidogo. Kwa boneti iliyogeuka chaki halina nguvu.

5. Keramiki ya kupuliza. Ni kinga ya kunyunyizia juu ya rangi. Ni nzuri, ila baada ya namba moja tu. Ukiipulizia kwenye rangi iliyopauka, unafungia weupe ndani.

Viache kabisa: kampaundi nzito ya kopo yenye chenga kwenye gari lenye klia, na kupangusa bodi kwa dizeli au mafuta ya taa. Mng'ao wake ni wa mafuta, unanasa vumbi, na kitambaa cha kesho kinalisugua vumbi hilo kama msasa.

Baada ya hapo, sabuni ya unga isiguse gari, inavua kinga yote. Nunua shampuu ya gari. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe vifunike kwa kitambaa chenye maji dakika chache, kisha uvinyanyue bila kusugua. Maji yakianza kutandaa kwenye boneti badala ya kusimama matone, paka silanti tena.