Laptopu ya kununua Mombasa: ifunike kwanza, bei baadaye

Ukiingia duka la laptopu Moi Avenue, usianze kuuliza RAM, ile kumbukumbu ya kazi. Fungua programu tatu, funika mashine kwa kushusha kioo chake, piga soga kidogo na muuzaji, kisha ifunue. Ikiamka pale pale ilipolala, chombo na mfumo wake vinaelewana. Ukisikia feni inavuma na ilikuwa imefunikwa, nenda duka la jirani.

Nafasi ya kwanza naipa MacBook Air yenye chipu ya M1, ya 2020, hata ya mtumba. Apple ndiyo iliyobuni chipu na ndiyo iliyoandika mfumo wake, macOS, kwa hiyo hakuna wa kumtupia mwenzake lawama. Ikiwa mpya ilitangazwa kudumu saa 15 za kuperuzi. Hata uzee ukila nusu, stima ikipotea Kisauni bado utamaliza kazi. Tena haina feni, kwa hiyo haivuti ndani vumbi na hewa yetu ya chumvi. Ubaya wake: RAM na diski zimechomelewa kwenye bodi. Ukinunua yenye RAM ya GB 8, ndiyo utakayozeeka nayo. Na kabla hujatoa pesa, muuzaji aifute yote mbele yako na kuiwasha upya. Ikidai akaunti ya mtu usiyemjua, umeuziwa sinia. MacBook za zamani zenye chipu ya Intel ziache, hata zikishuka bei.

Ya pili ni Chromebook, laptopu yenye mfumo wa Google, kwa mwanafunzi mwenye intaneti ya uhakika. Google huahidi masasisho ya miaka 10 kwa mashine zilizotoka kuanzia 2021. Tarehe ya kuisha imeandikwa kwenye mipangilio, isome.

Ya tatu, Windows za ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza. Huyu katengeneza bodi, yule chipu, mwingine mfumo. Nilikuwa nayo moja, kila sasisho likiingia sauti inapotea, nakesha natafuta draiva, ile programu ya kuirudisha. Lakini zipo ambazo fundi hufungua na kuongeza RAM, na kama programu ya hesabu ya ofisini inataka Windows tu, huna ujanja. Basi tazama jina la kichakataji: i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ni kizazi cha nane, na kwa Intel usishuke hapo. i5-7200U haimo katika orodha ya vichakataji vya Windows 11, na Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025. Utaambiwa, “Lakini hii ina 11 tayari, bosi.” Imelazimishwa hiyo.