Uzoefu wangu na albamu ya Into the Wild ya Eddie Vedder

Albamu hii ina nyimbo za filamu ya jina hilohilo; nimeisikiliza ndani ya filamu na nimeisikiliza peke yake, bila picha. Nikiulizwa ni nini kinachoifanya filamu yenyewe inikae moyoni, nitataja muziki kabla ya mandhari ya Alaska na hata kabla ya uigizaji wa Emile Hirsch, mhusika mkuu, ambao ni mzuri sana.

Kwa asiyeijua, filamu ilitoka mwaka 2007 na mwongozaji wake ni Sean Penn. Inatokana na kitabu cha Jon Krakauer kuhusu Christopher McCandless, kijana wa Kimarekani aliyemaliza chuo kikuu mwaka 1990, akatoa akiba yake kwa shirika la hisani, akajipa jina jipya na kushika njia. Alifia ndani ya basi lililotelekezwa porini Alaska mwaka 1992, akiwa na miaka 24. Nyimbo zimeimbwa na Eddie Vedder, mwimbaji wa bendi ya roki ya Pearl Jam, na sehemu kubwa ya ala kazipiga mwenyewe.

Hilo la kupiga mwenyewe linasikika. Ukiwa umezoea gitaa nzito za Pearl Jam, hapa unakutana na mtu mmoja na sauti yake nzito ya chini, hana pa kujificha. Nyimbo mbili za mwanzo, Setting Forth na No Ceiling, hazifiki hata dakika mbili kila moja. Zinaanza zikiwa tayari mwendoni, na hujakariri kiitikio zimeshakatika. Ni kama mtu anayekula amesimama, mzigo uko mgongoni. Kwangu mimi huo ndio uhuru wa mtu aliyetoka kwao juzi: una haraka, una furaha, na haumngoji mtu.

Kisha inakuja Hard Sun, na hapa naomba nikae kidogo. Si utunzi wa Vedder. Uliimbwa kwanza mwaka 1989 na Indio, jina la kisanii la Mkanada Gordon Peterson. Unazidi dakika tano, ngoma zake ni pana na hazikimbii, na nyuma ya Vedder kuna sauti ya mwanamke, Corin Tucker. Huu ndio wimbo unaonipa hisia ya anga kubwa kuliko mwingine wowote kwenye albamu. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hisia hiyo inafika pale ambapo mwimbaji hayuko peke yake tena. Kijana wa filamu anawakimbia watu, anakutana na wema wao njiani, anaaga na kuondoka, na mwishoni kabisa, akiwa hana mtu wa kumwambia, anaandika kwamba furaha huwa ya kweli inaposhirikishwa na wengine. Yeye alilijua hilo akiwa amechelewa. Muziki ulikuwa umeshalisema mapema, kwa kuongeza sauti ya pili tu.

Society, uliotungwa na Jerry Hannan, ndio wengi huupenda. Mimi naona maneno yake yanaeleza mno; jamii inasemeshwa waziwazi kama mtu aliyekaa mbele yako, na msikilizaji haachiwi kazi. Afadhali The Wolf, ambao hauna maneno kabisa. Ni sauti inayolia kwa dakika moja na nusu hivi, na ndani yake upweke na nguvu haviachani.

Guaranteed ndio uliopata tuzo ya Golden Globe ya wimbo bora mwaka 2008, na ulistahili. Gitaa linadonolewa kwa vidole, sauti haipandi. Pupa ya nyimbo za mwanzo imekwisha. Ukiusikiliza mara baada ya Setting Forth utadhani ni watu wawili tofauti, na hapo ndipo ninaposikia kujitambua: mwimbaji ni yuleyule, ila hashindani na mtu tena. Usizime ukisikia ukimya mwishoni, kwa sababu wimbo unarudi ukiwa umevumishwa bila maneno.

Kasoro zipo. Filamu ina urefu wa karibu saa mbili na nusu, na kuna mahali wimbo unaingia wakati uso wa Hirsch umeshatosha. Ningependa Penn aiamini zaidi sauti ya upepo. Pia anayetafuta muziki wa ala tupu wa Michael Brook, unaosikika katikati ya matukio, hataupata kwenye albamu hii.

Albamu nzima ni kama nusu saa na ushee. Isikilize kwa mpangilio wake, usichanganye nyimbo, kwa sababu ukianza na Guaranteed safari yote inapotea. Na kama filamu bado hujaiona, anza nayo: Hard Sun ni wimbo mzuri hata kwa asiyemjua McCandless, lakini anayemjua huusikia ukiuma.