Fundi wa kompyuta Mwanga: kazi safi, maelezo haba

Steshenari yangu ipo Mwanga, Kigoma, na flashi za wateja zilikuwa zinaniletea virusi kila kukicha. Kijana wa duka la jirani na soko alipanga mashine moja kwa vigezo vya usalama vya Microsoft, vile vya bure, akavihamishia kwenye nyingine kwa LGPO, programu ndogo ya Microsoft ya kunakili mipangilio hiyo. Flashi ikichomekwa sasa haijiendeshi yenyewe, na skrini inajifunga ikiachwa dakika 15. Nywila lazima ifike herufi 14. Binti wa kaunta bado ananung'unika, na avumilie tu. Ila mashine ya Windows Home ilimtoa jasho, maana toleo hilo halina sehemu ya kupangia sera, yaani kanuni za mashine, kama toleo la Pro. Angesema kabla ya kupokea hela! Nyota nne.